Fedha na Ulezi: Historia ya Msaada kwa Wanafunzi Wahitaji wa Uhandisi na Kompyuta katika Marekani

Mwanafunzi aingiaye katika kitivo cha uhandisi cha chuo kikuu cha Marekani hukuta masomo yake yamepangwa mfano wa ngazi, wala hana ruhusa ya kuruka kipago. Asiyefaulu kalkulasi ya kwanza hapokelewi katika ya pili. Asiyeipata ya pili hawezi kuendelea na fizikia ya umeme. Na asiye na fizikia hiyo hana mlango wa kuingilia katika masomo ya saketi wala ya ujenzi wa mitambo. Kwa hiyo anguko moja la muhula wa kwanza laweza kumrudisha mtu nyuma kwa mwaka mzima, na mwaka mzima wa chuo una bei yake. Kwa mtoto wa wazazi wenye uwezo hiyo ni aibu ya muda tu. Kwa mtoto ambaye mama yake hufagia ofisi za watu usiku, mara nyingi ndio mwisho wa safari.

Kwa sababu hiyo msaada kwa wanafunzi wahitaji wa uhandisi na kompyuta una historia yake peke yake, isiyofanana sana na ile ya wanafunzi wa sheria au wa lugha. Ni historia ya mambo mawili yaliyochukua muda mrefu kukutana, yaani fedha na ulezi. Ulezi hapa maana yake ni kushikwa mkono na mtu aliyekwisha kupita njia hiyo, awe mwalimu, mwanafunzi wa mwaka wa juu, au mhandisi aliye kazini. Mtu amfahamuye mwanafunzi kwa jina, ajuaye kwamba hakuonekana darasani Jumanne, na amwulizaye sababu. Wenye fedha kwa muda mrefu walidhani kwamba ulezi ni hisani tu, kitu cha kuongezwa ikiwa kimebaki cho chote. Wenye moyo wa kulea, nao, mara nyingi hawakuwa na fedha.

Serikali ya Marekani ilikuwa imekwisha kuonja faida ya kusomesha watu wengi kwa fedha za umma. Sheria ya mwaka 1944 iliwalipia karo askari waliorudi kutoka katika Vita Kuu ya Pili, na zaidi ya milioni 2 kati yao waliingia vyuo vikuu, wengi wakatoka wahandisi. Lakini hayo yalihesabiwa kuwa malipo ya deni la vita, wala si msaada kwa maskini. Na askari weusi wa majimbo ya Kusini walikuta milango ya vyuo vingi imefungwa mbele yao, fedha wakiwa nazo mkononi.

Jambo lililobadili mawazo lilikuwa chombo cha Warusi, Sputnik, kilichorushwa angani tarehe 4 Oktoba 1957. Watu wa Marekani walishtuka, na katika mshtuko huo swali la nani asome sayansi likawa swali la ulinzi wa taifa. Wabunge wawili wa jimbo la Alabama, Carl Elliott katika Baraza la Wawakilishi na Lister Hill katika Seneti, walipeleka mswada wa kusaidia masomo. Elliott mwenyewe alikuwa amesoma chuo kikuu kwa kufanya vibarua. Mswada wao ulitaka serikali itoe fedha za bure kwa vijana wenye akili walio wahitaji. Hapo ndipo ubishi ulipoanza. Wabunge waliopinga walisema kwamba kijana apewaye fedha za bure huharibika tabia, na kwamba wao wenyewe waliosha vyombo mahotelini ili wasome, wala hawakufa. Hoja hiyo ikashinda. Sheria iliyotiwa sahihi na Rais Eisenhower tarehe 2 Septemba 1958 ilikuwa na mikopo: mwanafunzi aliweza kukopa hadi dola 1,000 kwa mwaka na dola 5,000 kwa jumla, kwa riba ya asilimia 3, na aliyekwenda kufundisha shule aliweza kusamehewa hadi nusu ya deni.

Hapana shaka mikopo hiyo iliwafikisha wengi mahali ambapo wasingefika. Walakini waliosema kwamba kuosha vyombo hakumdhuru mwanafunzi walisahau jambo moja ambalo litajitokeza tena na tena katika habari hii, nalo ni kwamba saa zitumiwazo jikoni haziwezi kutumiwa mezani penye vitabu.

Msaada wa moja kwa moja kwa maskini, usio mkopo, ulikuja kwa sheria ya mwaka 1972, na tangu mwaka 1980 msaada huo umeitwa kwa jina la Seneta Claiborne Pell wa Rhode Island. Huo ulikuwa wa masomo yote. Kwa upande wa uhandisi habari kubwa za miaka hiyo zilitokea vyuoni kwenyewe, tena zilianzishwa na wanafunzi.

Katika Chuo Kikuu cha Purdue, jimbo la Indiana, mwishoni mwa miaka ya 1960, wanafunzi weusi waliokuwa wakiingia kusomea uhandisi walikuwa wachache, na kwa mujibu wa historia iliyohifadhiwa na chama chao, asilimia 80 ya walioingia mwaka wa kwanza waliacha masomo. Hesabu hiyo yatisha, maana hawa hawakuwa vijana waliookotwa njiani, walikuwa wamechaguliwa. Mwaka 1971 wanafunzi wawili, Edward Barnette na Fred Cooper, walimwendea mkuu wa kitivo wakaomba ruhusa ya kuunda chama cha kuwaita vijana wengine na kuwasaidia wasianguke. Mlezi wa chama alikuwa Arthur Bond, mwalimu mweusi wa kitivo hicho. Chama hakikuwa na hazina. Kazi yake ilikuwa kukaa pamoja, kupeana habari za walimu na mitihani, na kufundishana. Baada ya miaka michache mmoja wa wanafunzi hao, Anthony Harris, aliwaandikia barua wakuu wa shule zote 288 za uhandisi zilizotambuliwa nchini, akiuliza kama kwao pana wanafunzi weusi na kama wana chama. Kutokana na barua hizo, mwezi wa Aprili 1975 wanafunzi 48 kutoka vyuo 32 walikutana Purdue wakaanzisha chama cha taifa cha wahandisi weusi. Gharama ya stempu ndiyo iliyokuwa karibu mtaji wote.

Upande wa Magharibi, huko California, kazi ya namna hiyo ilianza na watoto wa shule. Mwaka 1970 Wilbur Somerton, profesa wa uhandisi wa mitambo wa Berkeley, pamoja na Mary Perry Smith, mwalimu wa hisabati katika shule ya sekondari ya Oakland Technical, walianza na wanafunzi 25. Mpango wao, ulioitwa MESA, uliwafundisha hisabati, ukawapeleka kuwaona wahandisi makazini, na ukawapa zawadi ndogo za fedha kwa alama nzuri. Mwaka 1973 Raymond Landis, mwalimu wa chuo cha jimbo huko Northridge, karibu na Los Angeles, aliuchukua mwendo huo akaupeleka ndani ya chuo. Alifanya mambo ambayo kwa kuyasikia ni madogo: somo la kuwakaribisha wageni na kuwafundisha namna ya kusoma uhandisi, kuwaweka wanafunzi wake katika madarasa yale yale ili wasiwe mmoja mmoja katikati ya wageni, chumba chao cha kusomea, na mshauri aliyekuwa na wakati wa kusikiliza. Mambo hayo manne yalinakiliwa katika vyuo vingi vya Marekani, mara nyingine bila ya kumtaja aliyeyaanzisha.

Viwanda vikubwa navyo viliamka. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 wahandisi weusi waliokuwa wakihitimu kila mwaka hawakuzidi sana mmoja katika kila mia, na mwaka 1972 mkubwa mmoja wa kampuni ya General Electric, J. Stanford Smith, aliwaambia wakuu wa vitivo vya uhandisi kwamba idadi hiyo lazima iongezwe mara nyingi. Mwaka 1973 Chuo cha Taifa cha Wahandisi kiliitisha mkutano juu ya jambo hilo, na mwaka 1974 likaundwa baraza la kukusanya fedha za makampuni kwa ajili ya wanafunzi, ambalo baadaye lilijulikana kwa jina la NACME. Basi fedha zikaanza kupatikana. Lakini swali lililobaki lilikuwa gumu kuliko fedha: kwa nini mwanafunzi mwenye akili, aliyelipiwa karo, aanguke katika kalkulasi?

Jibu bora la swali hilo lilitoka Berkeley, na yafaa lielezwe kwa urefu, maana yaliyofuata yote yametegemea hapo. Katikati ya miaka ya 1970 Philip Uri Treisman alikuwa mwanafunzi wa shahada ya juu ya hisabati huko, akishughulika na kuwafunza walimu wasaidizi wa kalkulasi. Aliona kwamba katika muda wa mwongo mmoja asilimia 60 ya wanafunzi weusi waliomaliza kalkulasi ya kwanza walipata alama za chini kabisa, D au F. Aliwauliza walimu na wakubwa wengi sababu, akapewa majibu manne: kwamba vijana hao hawana hamu, kwamba shule zao zilikuwa mbovu, kwamba nyumbani hawakuhimizwa, na kwamba umaskini ndio uliowaangusha. Majibu yote manne yalikuwa ya watu wenye nia njema, na hakuna mmoja wao aliyekuwa amekwenda kuangalia.

Treisman akaenda kuangalia. Aliwachukua wanafunzi weusi 20 na wanafunzi 20 wenye asili ya China, akawafuata kwa muda wa miezi 18 hata katika vyumba vyao vya kulala. Aliyoyaona yalivunja majibu yote manne. Wazazi wa vijana weusi walikuwa wamejinyima miaka mingi ili watoto wao wafike pale. Hamu walikuwa nayo tele. Wengi walikuwa wa kwanza katika shule zao. Wala kipato cha wazazi hakikueleza nani angefaulu na nani angeanguka. Na wengine waliokuja na alama za juu kabisa za hisabati ndio walioanguka vibaya. Walihudhuria masomo, walifanya kazi zote walizopewa, na walisoma saa 8 kwa wiki kama walivyoshauriwa, yaani saa 2 kwa kila saa moja ya darasa. Lakini walisoma peke yao. Wengi walikuwa wamefika mbali kwa kujitenga na wenzao wasiopenda shule, na tabia ile ile iliyowaokoa shuleni ndiyo iliyowaangamiza chuoni. Mchana walisoma, jioni walikutana na marafiki, na mambo hayo mawili hayakuchanganyika.

Vijana wenye asili ya China walifanya kinyume. Walisoma peke yao saa 8 au 10, kisha jioni walikusanyika, wakapika, wakala, wakatoa madaftari. Kila mmoja alikagua majibu ya mwenzake. Hesabu iliyowashinda wote ilijulikana kuwa ngumu kwa kweli, na hakuna aliyejiona mjinga kwa sababu yake. Ambapo yule aliye peke yake chumbani, akishindwa na hesabu hiyo hiyo, alidhani kasoro ni yake mwenyewe. Kwa jumla walifika saa 14 kwa wiki, na saa za mwisho zilikuwa zenye faida kuliko za kwanza.

Kuanzia mwaka 1978 Treisman na wenzake walifungua makundi ya hisabati. Jambo la busara walilofanya lilikuwa kukataa kuyaita ya kurudia au ya wanyonge. Vijana waliombwa waje kwa sababu wana uwezo, na walipewa hesabu ngumu kuliko za darasani, wakazifanya vikundi vikundi, mwalimu akizunguka na kusikiliza. Matokeo yalikuwa makubwa hata waliokuwa na shaka wakanyamaza: wanafunzi weusi wa makundi hayo waliwapita kwa mbali wenzao wasiohudhuria. Tangu mwaka 1988 mwendo huo ulifuatwa katika Chuo Kikuu cha Texas huko Austin, ambako Treisman mwenyewe alihamia baadaye, na kutoka hapo ukaenea.

Wapo waliosoma habari za Berkeley wakapata kisingizio cha kupunguza fedha, wakisema kwamba Treisman ameonyesha kuwa umaskini si sababu. Huo ni usomaji mbaya. Alichoonyesha ni kwamba umaskini hauelezi nani ataanguka miongoni mwa wale waliokwisha kufika. Hakusema kwamba kijana alindaye duka hadi saa sita za usiku aweza kuhudhuria kikundi cha jioni. Kikundi chahitaji saa za kukaa, na maskini saa zake amekwisha kuziuza. Fedha za msaada, zikiwa za kutosha, humrudishia saa hizo. Lakini zikija peke yake humpa saa nyingi za kukaa peke yake chumbani.

Mahali ambapo mambo hayo mawili yalifungwa pamoja mapema na kwa ukamilifu ni Chuo Kikuu cha Maryland katika wilaya ya Baltimore, UMBC, chuo kipya kilichofunguliwa mwaka 1966. Mwaka 1988 tajiri wa Baltimore, Robert Meyerhoff, na mkewe Jane, walitoa karibu nusu milioni ya dola. Aliyezitumia ni Freeman Hrabowski, ambaye wakati huo alikuwa mmoja wa wasaidizi wa wakubwa wa chuo na baadaye alikuwa rais wake tangu mwaka 1992 hadi 2022. Hrabowski alizaliwa Birmingham, Alabama, mwaka 1950, na alipokuwa na umri wa miaka 12 alikaa siku tano gerezani kwa sababu ya kuandamana pamoja na watoto wenzake mwezi wa Mei 1963. Mwanahisabati huyu hakuona haya kuwa mkali. Kundi lake la kwanza, vijana wanaume weusi 19, liliingia mwaka 1989. Wasichana walikubaliwa mwaka uliofuata. Kabla ya masomo kuanza walikaa chuoni wiki sita za kiangazi, wakisoma hisabati, wakilala mahali pamoja, wakizoea kuamka mapema. Walitakiwa kusoma kwa vikundi. Aliyepata alama ya C katika somo la msingi alishauriwa alirudie, ingawa chuo kilihesabu kuwa amefaulu. Waliwekwa mapema katika maabara za walimu kama mwanakemia Michael Summers. Mmoja wa waliotoka katika mpango huo ni Kizzmekia Corbett, mtafiti wa kinga, ambaye mwaka 2020 alikuwa katika mstari wa mbele wa kutengeneza chanjo ya korona.

Sifa za mpango wa Meyerhoff ni za haki, lakini mtu asiuchanganye na msaada kwa wahitaji. Wanafunzi wake walichaguliwa kwa alama, na wengi wao wangefika chuoni hata bila ya Meyerhoff. Hoja yake ilikuwa kwamba vijana weusi waweza kuwa wa kwanza, si kwamba maskini waweza kuvuka. Na hoja hizo mbili, ingawa ni dada, si pacha. Tena mwendo wa sheria uliulazimisha mpango ubadilike. Mwaka 1994 mahakama ya rufani iliamua kwamba mpango mwingine wa fedha wa Chuo Kikuu cha Maryland, uliokuwa kwa wanafunzi weusi tu, ulivunja katiba; mwaka 1995 Mahakama Kuu ilikataa kuisikiliza kesi hiyo; na mwaka 1996 mpango wa Meyerhoff ulifunguliwa kwa watu wa kila asili. Hukumu ya Mahakama Kuu ya tarehe 29 Juni 2023, iliyokataza kuhesabu rangi ya mtu katika kuwachagua waingiao vyuoni, ilizidi kuwaonyesha wakuu wa vyuo kwamba kigezo kitakachosimama mahakamani ni uhitaji wa fedha.

Kigezo hicho kilikuwa kimekwisha kuandikwa katika sheria ya taifa kwa njia ambayo hakuna aliyeitazamia. Mwaka 1998 makampuni ya kompyuta yalikuwa yakilia kwamba hayana watu. Yalitaka ruhusa ya kuleta wataalamu wengi zaidi kutoka nchi za nje kwa viza iitwayo H-1B, ambayo mpaka wake ulikuwa watu 65,000 kwa mwaka. Waliopinga waliuliza: je, watoto wa nchi wamekwisha, hata watu watafutwe ng'ambo? Mapatano yaliyofikiwa katika Bunge, na kutiwa sahihi na Rais Clinton mwezi wa Oktoba 1998, yalikuwa ya kibiashara hasa. Mpaka uliongezwa hadi watu 115,000 kwa muda, na kila mwajiri aliyeomba viza alitakiwa kulipa ada ya dola 500, ambayo alikatazwa kumtoza mfanyakazi. Sehemu ya ada hiyo ilipelekwa kwa Shirika la Taifa la Sayansi, ili igawiwe vyuo kwa ajili ya wanafunzi wa kipato cha chini wasomao kompyuta, uhandisi na hisabati. Mgeni alipokuja kuijaza nafasi, mwajiri wake alichangia kumfundisha mwenyeji ambaye siku moja angeijaza.

Ni mapatano ya werevu, na yana kejeli yake. Fedha za maskini wa Marekani zilifungamanishwa na kuja kwa wahandisi wa Hyderabad na Shanghai; waajiri wakiita wageni wengi mfuko hujaa, wakipunguza mfuko hukauka. Na mwanafunzi wa kigeni aliyekuja kwa viza ya masomo, hata awe fukara wa namna gani, hana haki ya kuonja fedha hizo. Ni za raia, wakazi wa kudumu na wakimbizi waliopokelewa. Ada hiyo ilipandishwa hadi dola 1,000 mwaka 2000. Kisha mwezi wa Oktoba 2003 muda wake katika sheria ulikwisha, na kwa zaidi ya mwaka mmoja haikutozwa kabisa. Sheria ya Desemba 2004 iliirudisha, ikiwa dola 1,500 kwa mwajiri mkubwa na nusu yake kwa mwenye wafanyakazi wasiozidi 25, na asilimia 30 ya mapato ikawekwa kwa ajili ya wanafunzi hao. Mpango ukapanuliwa uingize sayansi nyingine, ukaitwa S-STEM.

Katika miaka ya kwanza kiasi alichopewa mwanafunzi kilikuwa kidogo, kisichozidi dola 2,500 kwa mwaka, na vyuo viliruhusiwa kutumia sehemu ndogo mno kwa kazi nyingine yo yote. Kosa la mwaka 1958 likarudiwa kwa sura nyingine: safari hii fedha zilikuwa za bure, lakini ulezi ulitarajiwa uote wenyewe. Walimu walioendesha miradi hiyo vyuoni waliona haraka kwamba hundi haimwulizi mwanafunzi kwa nini hakuja. Kwa muda wa miaka kanuni zikabadilika. Kiasi cha juu kilifika dola 10,000, na baadaye zaidi; chuo kikatakiwa kutumia angalau asilimia 60 ya ruzuku kwa kuwapa wanafunzi, kikiachiwa zilizobaki kwa ajili ya kuwalea na kuchunguza ni jambo gani lililowafaa; na kila mwanafunzi akatakiwa awe na mlezi wake miongoni mwa walimu. Mambo ambayo Landis alikuwa akiyafanya Northridge mwaka 1973 yaliingia hivyo katika kanuni za serikali, baada ya kiasi cha miaka 40.

Matunda ya kanuni hizo ni mengi, na si yote mazuri. Iko miradi iliyowaita walezi watu waliotia sahihi fomu mara mbili kwa mwaka. Ulio wa kutajwa ni ule uliochukua jina lake kutoka michezoni. Katika vyuo vya Marekani mchezaji mchanga huweza kuwekwa nje ya mashindano mwaka mmoja, akifanya mazoezi na timu huku akivaa fulana nyekundu, ili akue kabla ya kuhesabiwa. Wala hakuna amcheye. Mwaka 2009 kitivo cha uhandisi cha Chuo Kikuu cha Colorado huko Boulder kilianza kuwatendea hivyo vijana waliotoka katika shule dhaifu: walipokelewa moja kwa moja kama wanafunzi wa uhandisi, lakini walipewa mwaka mmoja zaidi wa kujenga msingi wa hisabati na fizikia, wakiwa pamoja, na fedha za kuulipia. Vyuo vikuu viwili vya jimbo la Washington vilifuata mwaka 2013. Mwaka 2016 vyuo hivyo vitatu viliungana na Boise State, San Diego na Illinois, wakapewa ruzuku ya S-STEM ili wajaribu jambo hilo hilo katika mahali sita. Shida yao kubwa ilikuwa ya hesabu tu: mwaka wa tano wa chuo ni mwaka wa tano wa karo, na misaada mingi ya kawaida hupangwa kwa miaka minne. Bila ya fedha za viza, mwaka huo wa neema ungekuwa mzigo mwingine mgongoni mwa maskini.

Mfungamano huo na viza umebaki mpaka leo. Mwezi wa Septemba 2025 serikali ya Marekani ilitangaza kwamba waajiri watakaoleta watu kutoka nje kwa maombi mapya ya H-1B watatakiwa kulipa dola 100,000 kwa kila mmoja. Ada ya zamani, ile iliyotoka katika sheria ya mwaka 1998 na kurudishwa mwaka 2004, haikuondolewa na tangazo hilo. Lakini hutozwa mwajiri anapoomba, na mwajiri asiyeomba halipi ada yo yote. Na wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa kalkulasi, walio katika vikundi vyao vya jioni, hawana habari kwamba mwaka wao wa tatu unategemea barua zitakazoandikwa, au zisizoandikwa, na makampuni ya mbali.